Mayowe Yalitoka kwa Komputa, Damu Ikamwagika Kwangu

Admin, ficha jina langu na la kijiji, sema tu ni upande wa Zombe. Mimi ni mama wa miaka sabini na kitu, hesabu kamili mama yangu alikufa nayo. Shule sikuingia hata siku moja. Haya nimeyasema kwa simu, nyinyi mtaandika. Nikikosea Kiswahili mnivumilie, mimi ni Mkamba.

Naishi na mjukuu wangu wa kike wa miaka ishirini na sita. Ndiye alipewa jina langu, kwa hivyo nikimgombeza najigombeza mwenyewe. Mama yake alikufa, nikamlea yeye na wadogo zake. Alipata kazi Nairobi, halafu wakamruhusu aifanyie nyumbani kwa komputa. Akasema ni kazi ya wazungu. Kazi gani? "Kusafisha mtandao, Susu." Susu ni bibi kwa Kikamba. Nikacheka, nikamuuliza kama ufagio wanautuma na posta. Yeye hakucheka. Lakini wadogo zake hawakufukuzwa shule tena, dawa yangu ya presha haikukosa, na tangi likasimama nje ya jikoni. Sikuuliza zaidi.

Mvua ikikosa, hilo tangi tunajaziwa na mtu wa punda. Nitamwita Musyoka. Ni mtu mpole, hata punda wake anamwambia pole akimfunga mizigo.

Siku hiyo mchana nilikuwa nyuma ya nyumba natwanga mahindi ya muthokoi. Nikasikia mwanamke akipiga mayowe kwa chumba cha mjukuu wangu. Haikuwa kelele ya mtu ameona nyoka. Ilikuwa ya mtu anayekatwa. Na katikati nasikia kitu kikipiga nyama, na wanaume wakicheka.

Nilikimbia na mchi mkononi. Nikakuta Musyoka anasukuma ule mlango na bega, ameshika fimbo ya punda. Watu wangu, sikuuliza. Nilimpiga mchi wa kichwa na nguvu zote Mungu amenibakishia. Alipogeuka kuniangalia, nikampiga mwingine wa mdomo. Meno yakatoka. Halafu nikapiga nduru, ile ya kwetu, ambayo mtu akiisikia anaacha chakula, anabeba chochote kiko karibu na kukimbia. Hiyo nduru haiulizwi maswali.

Walikuja na mapanga, majembe na mawe. "Ni nini, mama?"

"Ni huyu! Anaua msichana wangu!"

Basi. "Muuza maji leo alitaka kunywa bure!" mmoja akasema, wengine wakacheka huku wakipiga. Mkono wake ulivunjika nikausikia, kama kuni kavu. Jiwe likampasua jicho. Alikuwa anajaribu kusema kitu, lakini mdomo nilikuwa nimeshauvunja. Mjukuu wangu akafungua mlango, neno halitoki, akaanguka hapo hapo. Watu wakaona huo ndio ushahidi. Wakaleta tairi. Ni mchungaji wetu alijilaza juu ya Musyoka, akapigwa yeye pia, mpaka polisi wakafika.

Jioni ndio mjukuu wangu aliongea. "Susu, hakuna mtu aliingia."

Ile sauti ilikuwa ya komputa. Vile vitu vya kusikilizia anavaa masikioni vilikuwa vimeharibika, na kazi haingoji, akaacha sauti itoke. Ni mwanamke wa nchi fulani ya mbali aliyekatwa na panga, mtu akaweka kwa mtandao. Hiyo ndiyo kazi: kutazama watu wakichinjwa, watoto wakiteswa, aseme hii itolewe, ili watu wa huko ng'ambo wasikutane nayo wakinywa chai. Hiyo ya siku hiyo ilimshinda. Alijifunika uso na blanketi, sauti ikaendelea. Na Musyoka alikuwa ametupa mitungi akimbie kumwokoa.

Nikamuuliza, "Kwa nini hao wasitazame wenyewe?"

"Wa kwao wanataka mshahara mkubwa na daktari wa akili. Sisi tunakubali kidogo."

"Basi twende tukaseme ukweli."

Akanishika miguu. Alionywa asimwambie mtu yeyote. Kuna wenzake walifungua mdomo, wote wakafutwa, kazi ikapelekwa nchi ingine. "Susu, walinichukua kwa sababu mimi ni wa bei rahisi. Na kuna wa rahisi kunishinda, wanangoja tu nikosee."

Nikasema tudanganye ni sinema. Akasema polisi watataka kuiona hiyo sinema, na komputa ikiguswa tu, wenye kazi watajua.

Juzi nilienda hospitali na uji. Musyoka amefungwa pingu kwa kitanda, jicho moja halipo. Mke wake akasimama mlangoni. "Umekuja kumalizia, mama?" Nilistahili. Lakini Musyoka akaniita, na huo mdomo niliobomoa akaniuliza pole pole, "Mama, msichana alipona? Yule aliyekuwa anamkata mlimshika?"

Nilimnywesha uji na kijiko. Nikampangusa kidevu na leso yangu.

Ijumaa polisi wananitaka niandikishe vile nilivyoona. Nikisema ukweli, kazi inavuka bahari, watoto wanatoka shule, na msichana wangu anajilaumu mpaka afe. Nikinyamaza, mtu aliyekuja kutuokoa anafungwa jela kama mbakaji, na watoto wake wanatembea na hilo jina sokoni.

Msiniambie niombe, nimeomba hadi magoti yamechubuka. Na msimtukane mjukuu wangu, atakayemtukana aanze na mimi. Niambieni tu, nyinyi mliosoma na nyinyi ambao hamkusoma: Ijumaa nikikalishwa mbele ya hao polisi, nimtupe nani?