Kavira Wengi Kwenye Orodha Moja

Siku yangu ya kwanza kazini, huko Bulengera, Mkuu wa Ofisi alinionyesha kompyuta moja na jenereta moja. "Hii mashine, usifute kitu," akasema. "Majina ya batoto yote iko mule." Ilikuwa wakati wa vita. Kazi yetu ilikuwa kuandikisha watoto waliopoteana na wazazi njiani kati ya Beni na Butembo.

Programu ya ofisi ilitafuta kwa jina tu. Aliyeitengeneza hakuwa Mnande, mtu wa kabila letu. Kwetu jina hufuata zamu ya kuzaliwa, hivyo mabinti wa zamu moja huitwa jina moja katika kila nyumba. Ukiandika Kavira, kioo kinajaa Kavira mpaka chini. Mama mmoja wa Vuhovi alikuja kila asubuhi kumtafuta Kavira wake, na kila asubuhi tulimrudisha mikono mitupu. Niliona aibu.

Nilikuwa na sidii ya Linux, mfumo ambao yeyote anaruhusiwa kuufungua na kuunakili bure, nao hutafuta neno lolote ndani ya maandishi. Lakini kuusimika moja kwa moja kungefuta yaliyomo, na kufuta nilikatazwa. Basi nikaunda mashine pepe, yaani kompyuta isiyo na chuma, inayokaa ndani ya nyingine kama mpangaji. Nikaikatia kipande cha diski na nusu ya kumbukumbu, nikaanza kuusimika mfumo.

Mafuta ya jenereta yakikaribia kwisha, niliilaza mashine pepe ilivyo, hali yake ikihifadhiwa diskini. Kesho yake iliamka palepale, katikati ya mstari, haina habari ya risasi za jana. Niliionea wivu. Ukungu ulikaa dirishani, nami nilifanya kazi kama niliye usingizini, nisijue tena mashine ipi imo ndani ya ipi.

Siku ya nne mfumo ulikamilika. Nikanakili orodha humo, pamoja na maelezo tuliyoandika pembeni ya kila jina, kisha nikamwuliza mama alama ya mtoto.

"Iko na kovu kwa bega. Chai ilimumwangikia."

Nikaandika: Kavira, bega, chai. Ukabaki mstari mmoja. Ulisema yuko Masereka, kwa wakulima waliompokea.

Mkuu akavua kofia. Mama akaweka kiganja juu ya kioo.

"Papa," akaniambia, yaani baba, "umuulizie kama alikula."

Nikamjibu kwamba amekula. Mstari haukusema lolote juu ya chakula.

Baadaye nilihamishiwa Beni, nikatumikia wakuu wengine, nikasimika mashine nyingi zenye nguvu kuliko ile. Sasa nimestaafu. Kavira, aliyerudi kwa mama yake juma lilelile, ana watoto wake, na akipita huniletea viazi. Kila mara nataka kumwuliza kama siku ile alikuwa amekula. Naogopa atakuwa anakumbuka.