Wabwire na Panya wa Ukutani

Wabwire aliwachukia panya kwa moyo wake wote, na usidhani nasema hivi kwa kupamba hadithi. Wako watu wengi Nairobi hii wanaouza dawa ya panya. Wanatembea na spika shingoni, "dawa ya panya, mende, kunguni, viroboto," na jioni wanakula ugali wao na kulala. Wabwire hakuwa hivyo. Yeye alitaka kuona maiti. Akiitwa kwenye nyumba ya mtu pale Kawangware 46, na panya achomoke nyuma ya kabati, hakungoja dawa ifanye kazi. Alimkanyaga kwa kisigino, akazungusha mguu mpaka mifupa ikalia, na wenye nyumba wakageuza nyuso.

Hii kazi aliianza miaka ishirini na mbili iliyopita. Alikuja kutoka Samia, kule Busia, akiwa fundi wa viatu, akapanga chumba cha mabati pale Kongo, huko huko Kawangware, kando ya mtaro. Mkewe Nabwire akajifungua binti, wakamwita Mourine. Mtoto hajamaliza wiki tano, panya akala ncha ya sikio lake. Sikiliza vizuri, nimesema akala. Baba na mama wamelala kando yake na hakuna aliyeshtuka, kwa sababu panya huuma huku akipuliza, hilo hata mtoto wa chekechea analijua. Asubuhi walikuta damu kwenye blanketi. Wabwire akauza sindano na nyundo zake za viatu wiki hiyo hiyo.

Na ukimchukia mtu sana, utamjua kuliko hata mama yake. Wabwire angeweza kukaa kwenye kibanda cha chai akakueleza habari za panya mpaka chai ipoe. Kwamba meno ya panya hayaachi kukua, kwa hivyo lazima atafune mbao, atafune waya, atafune hata simiti, la sivyo yatamfunga mdomo afe njaa. Kwamba kichwa chake kikipita kwenye tundu, mwili wote umepita. Kwamba hapendi kukatiza katikati ya chumba, anafuata ukuta huku ndevu zikipapasa, mpaka ukuta unabaki na mstari mweusi wa mafuta ya manyoya.

"Na hali kitu kigeni, huyo," angesema. "Anaonja kidogo tu, kisha anangoja. Tumbo likimuuma, hagusi tena maishani mwake. Sasa sikiza hapa. Ukiweka sumu, nani anakufa? Mlafi na mjinga. Nani anabaki? Yule mwerevu, mwenye kuogopa. Na huyo ndiye anazaa. Hawa panya wa leo ni sisi tumewasomesha."

Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo Wabwire hakulijua kwa kuchunguza. Alilirithi. Kwa nyanya yake, sumu ya panya haikutajwa ndani ya nyumba. Unatega kimya kimya, na panya mwenyewe unamwita "mgeni," kwa sababu yuko hapo juu ya dari anakusikiliza, na ukisema leo naweka dawa, umeshamwonya. Hebu fikiria! Mtu anatangaza barabara nzima kwa spika, kisha akifika mlangoni mwa mteja anaizima na kunong'ona. Vijana wa 46 walimcheka sana. Ukimcheka alikasirika, na mkono wake ulikuwa mwepesi.

Mwezi wa nne, mvua ikiwa ndiyo imeanza, Mourine alimpigia simu. Sasa alikuwa mama mwenyewe, ameolewa na Chris, kibarua wa mjengo, na walikuwa wamepanga Kisumu Ndogo kule Kibera. Mtoto wao Hope alizaliwa kabla ya siku zake, kadogo, kanatoshea kwenye karai.

"Baba," Mourine alisema huku akilia, "mgeni amemuuma Hope. Kisigino."

Wabwire alitoka 46 kwa miguu bila hata kuaga, akashika Ngong Road, na watu waliokutana naye njiani walimpisha. Alipofika akafunua blanketi. Kisigino chenyewe kilikuwa kama punje ya harage, na juu yake matundu mawili mekundu. Wabwire akatoka nje akapiga mlango wa choo ngumi mpaka ubao ukapasuka. Akarudi na mkono unaotoka damu, akamwambia bintiye, "Haki ya Mungu, hakuna kitu kitamgusa huyu mtoto tena. Nikiwa hai, hakuna."

Akahamia hapo, akawa analala sakafuni. Na shida aliiona siku ya kwanza tu. Nyumba ya Mourine ilishikana na ya Filister, au Mama Aketch, Mjaluo aliyeuza omena, na ukuta wa katikati ulikuwa wa udongo. Upande wa Filister kulikuwa na magunia ya omena mpaka darini. Ndani ya ukuta wakakaa panya. Chakula kushoto, joto la mtoto na harufu ya maziwa kulia. Wangetaka nini kingine?

Wabwire akatega sumu kali kwa ugali. Panya wakaonja, wakaacha. Akaweka kwa nyama, wakakojolea nyama. Siku ya nne akaleta ile ya polepole, inayozuia damu kuganda. Panya anakula leo, anakufa baada ya siku kadhaa, na wenzake hawajui kilichomuua. Akaisaga na omena, akaisukuma kwenye nyufa za ukuta. Hakusema neno. Mourine alipomwangalia, aliweka kidole mdomoni tu. Filister naye hakuambiwa, maana nyumba yake ndiyo ilikuwa imejaa masikio.

Sasa Filister alikuwa na paka. Dume kubwa la rangi ya majivu, jicho moja, anaitwa Karao, yaani polisi. Ni huyo Karao aliyekuwa akiwazuia panya wa ploti nzima wasitoke mchana. Wiki ya pili panya wakaanza kutoka ukutani wakipepesuka, upande wa Filister, mchana kweupe. Karao akawaokota mmoja baada ya mwingine, na Filister akawa anamsifu, "Kula, jaduong', mzee wangu, kula!" Siku chache baadaye Karao alikufa juu ya gunia la omena, damu ikimtoka puani na mdomoni.

Filister hakubisha hodi. Aliingia akiwa amemshika paka miguu ya nyuma, akamtupa kwenye kifua cha Wabwire. Shati likalowa damu. Kabla mzee hajafungua mdomo, kofi likamwingia, na lingine, na la tatu likampasua mdomo. Filister hakuwa mwanamke mdogo.

"Si ungesema!" alipiga kelele. "Neno moja tu, Baba Mourine! Ningemfungia Karao ndani!"

"Mama Aketch, hivyo vitu havitajwi kwa nyumba," Wabwire alisema akitema damu.

"Havitajwi? Yawa! Panya wa Kibera wanasikia Kiswahili siku hizi?"

Watu walioziba mlango wakaangua kicheko. Wabwire akamsukuma Filister kwa nguvu, mama huyo akajigonga kwenye kizingiti, na ilibidi Chris na majirani wawashike. Filister akanyoosha kidole. "Paka akiondoka panya hutawala. Sitasema mengi. Wewe ngoja tu."

Usiku huo Mourine alimwambia baba yake, "Muombe msamaha. Amekuwa akinisaidia tangu nijifungue. Ni yeye aliyenipeleka hospitali." Wabwire akasema hawezi kumwomba msamaha mtu kwa ajili ya paka. Aibu ilimchoma, na aibu ya Wabwire ilitokea kama hasira, kila mara. Akakaa macho na nondo mkononi, kipande cha chuma ambacho Chris alikileta kutoka mjengo, akipiga kila kilichosogea. Aliua wanne. Waliobaki ukutani walikuwa wale waliokataa ugali, wakakataa nyama, wakakataa na omena, na hakuna wa kuwafukuza sasa. Walianza kutoka saa nne asubuhi. Mourine akawa hamteremshi Hope mgongoni hata akienda msalani.

Jumamosi mvua ikanyesha tangu alfajiri bila kupumzika. Kufika saa sita mchana mtaro wa chini ulikuwa umefurika na maji meusi yanaingia milangoni. Chris alikuwa kazini. Mourine alikuwa akichota maji kwa karai, Hope mgongoni ndani ya leso, na Wabwire akiinua vitu juu ya meza. Upande wa pili walimsikia Filister akiburuta magunia na kumwita Mungu wake.

Udongo ukinywa maji mengi haushikani. Ukuta wa katikati ulikohoa, ukapinda, kisha ukaanguka wote, puu, kutoka darini hadi chini.

Na panya wakamwagika. Walikuwa wengi, usiniulize ni wangapi. Walitoka kwenye kifusi na matope, wakubwa kama viatu, na wadogo wa waridi bila manyoya wakielea majini, na mama zao wakiwabeba kwa meno. Chini maji, nyuma ukuta umeanguka. Mnyama asiye na pa kwenda hupanda juu, kwa hivyo walipanda juu ya chochote. Walipanda meza, walipanda pazia, walipanda miguu ya watu.

"Uwii!" Mourine alipiga yowe.

Wabwire yeye hakupiga yowe. Ukitaka ukweli, alifurahi. Miaka ishirini na mbili alikuwa akiwatafuta mashimoni na leo wako mbele yake. Aliinamia kona ya kabati akaanza kupiga. Nondo ikashuka, kichwa kikapasuka, ikapanda, ikashuka. Mmoja alimrukia akamng'ata shavuni, Wabwire akamng'oa na kipande cha nyama, akambamiza kwenye nguzo. Mwingine akamuuma kidole mpaka mfupani, akambana kwa magoti akamkaba. Damu yake na ya panya zilimtiririkia machoni na hakujifuta. Alikuwa akihesabu kwa sauti, kisha akaacha kuhesabu, akabaki akinguruma.

Nyuma yake, panya mmoja alimparamia Mourine gauni, akafika kwenye leso mgongoni. Mourine akajitingisha kama mwenye pepo mpaka panya akaangukia mlangoni. Akalegeza leso, akamtoa Hope, akamlaza kitandani ambapo bado palikuwa pakavu, akamfunika blanketi lote mpaka kichwani ili meno yasimfikie. Kisha akashika mwiko, akageukia mlangoni kumpiga yule panya. Mgongoni ile leso ilikuwa bado inaning'inia, imetuna kwa hewa na maji kana kwamba mtoto yumo. Filister, amesimama pale ukuta ulipokuwa na magoti ndani ya matope, aliyaona yote haya.

Wabwire akamaliza kona yake. Akageuka akipepesa macho kwa damu. Akamwona bintiye mlangoni na leso mgongoni. Akaona kitanda. Chini ya blanketi kitu kilikuwa kinasogea, kidogo kidogo, kikitafuta njia ya kutoka.

"Baba Mourine!" Filister aliita. "Si panya! Mzee! Si panya huyo!"

Nondo ilishapanda. Filister akaruka juu ya kifusi, mwanamke mzito vile, akaanguka kifudifudi kitandani na mkono umetangulia. Nondo ikashuka kwa nguvu zote za Wabwire. Mfupa wa mkono ukavunjika mahali pawili, na wote mle ndani wakausikia.

Kisha, chini ya mkono huo, Hope akaanza kulia.

Wabwire alisimama hapo. Panya walimpita miguuni, wakapanda kizingiti, wakatoka nje, na hakumgusa hata mmoja. Mourine akaja mbio, akavuta blanketi, akamnyakua mtoto, akamgeuza huku na huku, kichwa, tumbo, miguu. Hakuwa na hata mkwaruzo. Filister alikuwa amekaa sakafuni ndani ya maji, ameupakata mkono wake uliopinda mahali ambapo mkono haupindi.

"Nimekuita mara tatu," Filister alisema, meno yakigongana. "Mara tatu, mzee. Hukusikia?"

Wabwire hakuwa amesikia kitu. Alitaka kusema pole. Alifungua mdomo ikatoka damu.

"Baba, weka hiyo chuma chini," Mourine alisema.

Akajaribu. Vidole vilikuwa vimeshikana juu ya nondo na vilikataa kufunguka, ikabidi avifungue kimoja kimoja kwa mkono mwingine. Nondo ikaanguka majini. Akanyoosha mikono yote miwili, myekundu hadi viwikoni, kumwelekea mjukuu wake.

"Lete nimwone. Nimwone tu."

Mourine akarudi nyuma. Akamhamishia mtoto mkono wa kushoto, na wa kulia akainua mwiko, ule ule, ukiwa na manyoya ya panya.

"Toka, baba."

"Mourine. Ni mimi."

"Najua ni wewe. Toka."

Alimwangalia Filister kama anayeomba msaada, na Filister akaangalia kando. Basi Wabwire akainama chini ya mlango, akatoka kwenye mvua. Alikuwa hajafika hata kwenye choo alipomsikia bintiye nyuma yake akiburuta meza, akiisukuma mlangoni.