Kazi ya Kusema Hamna

Watu wakisikia kwamba Mwanamvita alishindwa usaili wa kazi ya kuuza dukani, hucheka. Mimi nacheka nao, maana nikianza kueleza jinsi alivyoshindwa, itanibidi nijitaje.

Alifika hapa kijijini Mpemba, karibu na Tunduma, mwaka 1967 kutoka Kilosa, mke wa Athuman, dereva wa malori yaliyopeleka mafuta Zambia. Lori lilipopinduka na kumuua mumewe, wote tulidhani atarudi kwao. Hakurudi. Alipanga chumba kando ya barabara, akauza chumvi, mafuta ya taa na khanga, na Kinyiha, lugha ya huku, akajifunza kwa wateja wake hao hao. Kaunta aliichongesha kwa fundi wa Vwawa. Siku moja nilimuuliza anawezaje kuwashinda wafanyabiashara wa Tunduma, wanaume wenye mtaji.

"Mwalimu, mwache mteja aongee," alinijibu. "Akimaliza atakuwa ameshakwambia anachokitaka. Na kama huna, mwelekeze kwa mwenye nacho. Kesho atarudi kwako."

Mwaka 1976 ikaja amri kwamba maduka ya watu binafsi yafungwe, vijiji vifungue ya ushirika. La kwake likafungwa. Kijiji kikafungua la ushirika mle mle chumbani, kwenye kaunta ile ile. Hakuwa na shamba huku, wala ndugu. Ilibidi aje kutuomba kazi ya kuuza kwenye kaunta yake mwenyewe.

Kamati tulikuwa watatu: Osea, mwenyekiti, Mzee Rubeni, mkulima wa kahawa, na mimi Danieli, mwalimu wa shule, katibu. Waombaji walikuwa wawili, yeye na Yonathani, mpwa wa Osea. Hilo la upwa hakuna aliyelitaja. Tulikuwa tunajenga taifa.

Jaribio la kwanza lilikuwa mabuti ya mpira, makubwa kupita kiasi, tuliyoletewa kwa lazima pamoja na chumvi. "Tuuzieni haya," alisema Osea. Yonathani aliyasifu mpaka akatoka jasho, Rubeni akapiga miayo. Mwanamvita hata hakuyashika.

"Shikamoo, Mzee Rubeni. Mguu unaendeleaje?"

Rubeni akaeleza, tena kwa kirefu: uvimbe, bondeni kwenye miche, maji ya baridi asubuhi. Mwishowe akauliza mwenyewe, "Hayo mabuti yanaweza kunienea?"

"Ni makubwa, mzee. Vaa na soksi mbili, la sivyo yatakuchubua."

Akayanunua pale pale na kuyavaa. Moyoni nikasema kazi imempata mwenyewe.

Ndipo Osea akatoa kilo ya sukari, akaificha chini ya kaunta. "Hii ni akiba ya kamati," alisema. "Mimi ni mteja, nina mgonjwa. Niambieni hamna, niondoke bila ugomvi."

Yonathani aliinamisha kichwa kwa huzuni. "Hamna, baba. Wiki ijayo labda. Mpe pole mgonjwa." Osea akapiga makofi.

Zamu ya Mwanamvita ilipofika, alipita nyuma ya kaunta yake. Kisha akainama, akaitoa ile sukari na kuiweka juu.

"Ipo," alisema.

"Mama, hujaelewa swali."

"Nimelielewa, Ndugu Mwenyekiti. Kulijibu ndiko siwezi."

Hapo ndipo nilipotakiwa kufungua mdomo. Osea alinigeukia, mpole kabisa. "Mwalimu, Tabita anatarajia kujifungua lini?" Mke wangu alikuwa na mimba ya miezi minane, na mzazi hupewa uji wenye sukari. Nikanyoosha mkono kumchagua Yonathani. Rubeni naye akanyoosha, mabuti yakiwa miguuni.

Mwanamvita akaanza kupika vitumbua vya kuwauzia madereva. Vitumbua vinataka sukari.

Tabita alipojifungua nilikwenda dukani, nikamkuta Mwanamvita mbele yangu. Yonathani akainamisha kichwa vile vile. "Hamna, mama. Wiki ijayo labda." Ilikuwa wiki ya tatu hajapika. Akashukuru, akageuka kuondoka. Hajafika mlangoni, Yonathani, mpumbavu yule, akainama na kunipa mzigo wangu, umeviringishwa ovyo kwenye gazeti, sukari ikimwagika kwenye kaunta.

Mwanamvita akauona. Nilitamani ardhi inimeze. Akarudi, akauvuta mzigo kwake, akaukunjua. Akakusanya kwa kiganja zile chembe zilizomwagika, akazirudisha zote, akafunga upya, pembe kwa pembe, kwa nguvu. Akanikabidhi kwa mikono miwili.

"Mpe hongera Tabita," alisema. "Na uushike kwa chini, Mwalimu, gazeti linapasuka upesi."

Nikapokea. Nikamwambia asante. Ilikuwa kilo nzima, na sikumgawia hata kijiko.