Mtihani wa Kumwigiza Mtu Ambaye Hajafa

Katika kambi yetu ya mkonge, kando ya barabara iendayo Muheza, Mzigua hakuhesabiwa kuwa amekufa mpaka Benedikta awe ametembea kama yeye. Daktari angekuja na mipira yake ya masikioni, shehe angesoma Yasini mpaka mwisho, lakini sisi bado tulikuwa tukichungulia njiani kuona kama Benedikta anakuja, na kama ameshavaa koti la marehemu.

Benedikta binti Rafaeli alikuwa Mnyamwezi aliyezaliwa hapo hapo kambini. Baba yake aliletwa kutoka Tabora kwa mkataba wa kukata mkonge, akaukata mpaka ukammaliza. Sasa, Wanyamwezi na Wazigua ni watani, na kwenye msiba mtani ndiye mwenye mji. Watu wengine wanakuja kulia. Yeye anakuja kumwiga marehemu mbele ya wafiwa, jinsi alivyotembea, alivyokohoa, alivyodanganya, na hakuna mwenye ruhusa ya kumkasirikia. Tulipomzika Sadalla, mlinzi wa ghala, Benedikta aliingia uani ndani ya koti la marehemu, akaegemea fimbo, akasinzia wima. Ghafla akakurupuka, akamkamata mbuzi wa jirani na kumwuliza kibali chake cha kupita. Mjane, ambaye tangu asubuhi alikuwa amekaa kama gogo, alicheka mpaka akajishika mbavu. Kisha ndipo akalia kilio cha haki, akapona. Hiyo ndiyo kazi ya mtani: anauzibua mfereji, maji yaende.

Siku hizi msibani pana vipaza sauti na bwana mmoja anayesoma ratiba. Watu wanazikwa kwa saa, kama treni. Basi na tuendelee.

Siku zisizo na msiba Benedikta alianika katani. Mashine ya korona, ile ya kusaga majani ya mkonge, ilitema nyuzi mbichi, na wanawake wakazibeba na kuzitandaza juu ya waya, mistari na mistari, uwanja mzima ukawa mweupe kama ndevu za mzee. Ni kazi inayokula viganja na kiuno. Alikuwa na miaka ishirini na sita, na wenzake wa miaka arobaini walikuwa tayari wanatembea wameinama kama watu wanaotafuta sindano. Aliwaona kila siku. Hakuhitaji mganga wa kumwambia mbele kuna nini.

Mwaka wa hamsini na saba, tangazo likabandikwa kwenye mlango wa duka la kambi. Shule ya maigizo itafunguliwa Dar es Salaam, mwaka mmoja, chakula na malazi humo humo. Atakayehitimu ataajiriwa redioni au kwenye sinema za serikali, zile za kutufundisha kunawa mikono. Kwa Tanga nzima nafasi ni moja. Wanaotaka wafike mtihanini baada ya wiki sita.

Aliyelisoma kwa sauti alikuwa Mwalimu Zebedayo, Mshambaa, Mlutheri, ambaye aliwahi kuwa Herode katika mchezo wa Krismasi na hakupoa tena tangu siku ile. Benedikta akamwomba amfundishe. Mwalimu alifurahi kama aliyeombwa ubatizo.

Mama yake, Bi Elizabeti, hakufurahi. "Unakwenda kuigiza," alisema. "Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa, mama. Ni shule."

"Basi utamwiga nani, mwanangu?"

Swali lilikuwa la haki. Kwao sheria ilikuwa moja: aliye hai mtanie kwa mdomo mpaka uchoke, lakini usimvae mwili. Mwendo na sauti ya mtu ni nguo ya mwisho. Ukiivaa mwenyewe angali hai, umemchimbia kaburi.

Mazoezi yalifanyika kila alasiri nyuma ya shule ya kambi. Mwalimu Zebedayo alikuwa na elimu yake ya maigizo, na elimu hiyo ilikuwa fupi: hatua tatu mbele, mkono kifuani, tazama mbali. Ukiwa na huzuni, tazama mbali zaidi. Kazija, mwanamke wa Kipemba aliyeanika naye katani mstari mmoja, alikuja siku moja kutazama, akakaa juu ya debe.

"Shoga, unamtafuta nani huko mbali?" aliuliza. "Maana nami nimetazama, sioni mtu."

"Bi Kazija, hii ni sanaa," alisema Mwalimu.

"Mie nilidhani shingo inamwuma."

Na kweli Benedikta alikuwa mbovu. Yule yule aliyewachekesha wajane alisimama pale kama nguzo ya simu. Mwalimu akimwambia, "Kuwa malkia," yeye anauliza, "Malkia gani, Mwalimu? Alifariki lini?" Akimwambia, "Kuwa mzee," anauliza, "Mzee wa nani?" Wiki tatu zilipita hivyo. Mwalimu alikonda.

Siku moja, kwa hasira tu, alimjibu. "Mzee wangu mimi. Babu yangu, Lushoto. Alikufa mwaka wa thelathini na tisa. Haya, umeridhika?"

"Alikuwa akikohoa?"

"Alikohoa."

"Kabla ya kusema au baada?"

Mwalimu akafikiri. "Kabla. Kama anayebisha hodi."

Akamwuliza zaidi: alivyoketi, alivyovuta ugoro, mkono gani ulikuwa mzito. Kisha Benedikta akageuka, akapanda ule mlima wa Lushoto pale pale kwenye mchanga wa Tanga, akasimama, akakohoa hodi. Mwalimu Zebedayo akatafuta mahali pa kukaa, hakuona, akakaa chini, na kaptura yake nyeupe iliyopigwa pasi. Alikaa hapo kitambo. Aliponyanyuka hakutaja tena mkono kifuani.

"Nimekuelewa," alisema. "Unataka maiti mwenye jina. Sasa sikiliza, binti Rafaeli. Siku ya mtihani watakupa mtu wa kumwigiza. Wewe mtafute kichwani marehemu anayefanana naye, umvae. Lakini usiulize. Nakuomba, usiwaulize kafa nani."

"Siulizi, Mwalimu."

Wiki tatu zilizobaki walikusanya marehemu kama watu wanaoweka akiba ya njaa: mkulima, mpishi, askari, mchuuzi wa samaki, mke mwenza. Kazija alitoa shangazi wawili kutoka Pemba, wote wakorofi.

Siku yenyewe Benedikta aliingia mjini juu ya lori, amekaa kwenye robota za katani ziendazo bandarini, gauni la kanisani ndani ya mfuko wa karatasi. Sisi wengine tulikwenda kwa baiskeli na kwa miguu. Tanga ya wakati ule ilikuwa mji wa kuvaa vizuri hata kama unakwenda kununua kibiriti, na ukumbi uliokuwa karibu na Usagara ulijaa mapema. Walioshindwa kuingia tulining'inia madirishani.

Waamuzi walikuwa watatu. Mwenyekiti alikuwa mama wa Kizungu mwenye kofia pana. Jina lake lilitushinda, tukamwita Mama Kofia. Wa pili, Bwana Noa, mtangazaji wa redio. Wa tatu, Bwana Mselem, afisa ustawi msaidizi, ambaye ndiye aliyekuwa akiandikisha majina barazani tangu asubuhi, kwa mwendo wa kobe aliyekula. Kila mwamuzi angetaja mtu mmoja, na mwenye kutajwa na wawili ndiye aendaye. Kura zikilingana, Mama Kofia anaamua.

Kabla ya Benedikta alitoka Massoud, karani kijana wa kampuni ya meli, nywele zinang'aa mafuta. Alipewa "baba aliyefiwa". Alikwenda hatua tatu mbele, mkono kifuani, akatazama mbali. Mwalimu Zebedayo, aliyekuwa dirishani nami, akafumba macho.

Benedikta akachota karatasi yake. Bwana Noa akaisoma: "Karani wa serikali, akihudumia watu."

Kwenye akiba yote ile hapakuwa na karani. Makarani wa Tanga miaka hiyo walikuwa na afya njema kuliko watu wote. Benedikta alijaribu: hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu, mkono ukaenda kifuani wenyewe. Rafiki za Massoud wakaguna. Akaushusha mkono, akaigeukia meza ya waamuzi.

"Samahani, Bwana Mselem. Wewe kwenu wapi?"

"Asiulize," alinong'ona Mwalimu Zebedayo. "Ewe Bwana, asiulize."

"Handeni," alisema Bwana Mselem.

"Mzigua?"

Bwana Mselem akavua miwani taratibu. "Mzigua. Na wewe?"

"Tabora."

"Mpagazi," alisema, na sauti yake ikawa ya mtu aliyekutana na ndugu ugenini. "Mzigo wa watu umeutua wapi?"

"Nimeutua hapa, nangoja ufe. Na shida yangu ndiyo hiyo. Karani ninayemjua vizuri ni wewe, nimekaa barazani kwako tangu saa mbili, na wewe u mzima. Siwezi kukuvaa ukiwa mzima. Nakuomba ufe kidogo. Robo saa."

Mama Kofia alitaka atafsiriwe. Bwana Noa akamtafsiria. Akaomba atafsiriwe tena.

Lakini Mzigua akiombwa na mtani wake, tena mbele za watu, atasemaje? Bwana Mselem alivua viatu, akaviweka sawasawa chini ya kiti, akapanda juu ya meza ya waamuzi na kulala chali. Watu wawili wakamfunika kwa kile kitambaa cha kijani cha mezani.

Ndipo tulipomwona Benedikta wetu. Alilamba penseli. "Jina?" "Benedikta." "Benedikta nani?" "Binti Rafaeli." "Rafaeli wa wapi?" "Wa Tabora." "Tabora ipi?" Penseli ikalambwa. Akainuka kwenda kunywa chai, chai ndefu, akashuka na kupanda ngazi ambazo hazikuwapo, akarudi, akaketi, akapanga viatu vyake chini ya kiti. "Jina?" Ukumbi ulianguka kwa kicheko. Ubao wa dirisha letu ulivunjika, tukahamia jingine. Kitambaa cha kijani kilikuwa kikitikisika. Maiti alikuwa akicheka vibaya.

Kisha, bila kubadilisha kitu, akaupunguza mzaha. Yule karani akainua kichwa: "Anayefuata." Hakuja mtu. Akanyoosha kitabu, akapuliza vumbi. "Anayefuata." Baraza ilikuwa tupu, nasi tuliiona ilivyo tupu. Aliita mara ya tatu kwa sauti ya mtu anayeomba. Halafu Benedikta akatoka ndani ya yule karani, akaenda kwenye miguu ya maiti pale mezani, akaishika soksi yake iliyotoboka kidoleni, akasema, "Mzigua mchawi we. Sasa nani ataniuliza jina langu?" Akalia. Hakutazama mbali popote.

Nimekaa kwenye kumbi nyingi tangu siku ile, zingine za wasomi, na sijasikia tena kimya cha namna hiyo.

Wakahesabu kura mbele yetu. Bwana Noa alisema Benedikta. Mama Kofia alisema Massoud, kwa kuwa alisimama vizuri. Bwana Mselem, bado yuko juu ya meza, soksi zinaning'inia, anafuta macho kwa kitambaa cha kijani, akafungua mdomo. Mama Kofia akainua kidole. Sheria, alisema, hairuhusu mwamuzi aliyeshiriki katika igizo la mtahiniwa kumpigia kura mtahiniwa huyo. Bwana Noa akatutafsiria kwa shida. Dirishani Kazija akatutafsiria upya: "Maiti hapigi kura."

Zikabaki kura moja kwa moja, sare. Mwenyekiti akaamua. Massoud akaenda Dar es Salaam.

Siku ya tatu Bwana Mselem alikuja kambini kwa baiskeli, ameileta barua mwenyewe badala ya kuituma. Alimkuta Benedikta kwenye waya za katani, pamoja na Kazija.

"Imeandikwa kile kile ulichosikia," alisema. "Nimebishana na Mama Kofia siku mbili. Nimeshindwa."

"Umefanya vizuri kuja."

"Ungemwua yeye, ungepita."

"Mama Kofia si Mzigua."

"Basi ungeniiga tu, bila kuniuliza. Nani angejua?"

Benedikta akatikisa fungu la katani, maji yakaruka. "Mimi. Nikuzike ungali hai, na watoto wako nyumbani, kwa sababu ya shule?"

"Uliitaka ile nafasi."

"Niliitaka sana," alisema. Akatandaza lile fungu lote mpaka mwisho. "Bado naitaka. Usinilazimishe kuisema tena, Mzigua, kuna kazi."

Bwana Mselem alisimama na baiskeli yake, hajui aende au akae. Mwishowe akasema, "Maiti akifufuka analipa faini kwa mtani wake. Ndivyo kwetu. Taja faini."

"Anika."

"Nini?"

"Vua koti uanike. Mpaka king'ora."

Wanawake wa mistari yote wakaacha kazi kutazama. Bwana Mselem alivua koti, akalikunja, akatafuta meza ya kuliweka, hapakuwa na meza; akalitundika kwenye usukani wa baiskeli. Akachukua fungu la kwanza, likamlowesha mpaka kiunoni.

"Tandaza, usirundike," alisema Benedikta. "Inataka kuona jua."

Alianika mpaka king'ora kilipolia. Mistari miwili na nusu. Ile nusu, kesho yake, Kazija alilazimika kuirudia.