Jirani Aliyeningoja Nimfundishe Kusoma

Msomaji wangu, wiki iliyopita tulimzika jirani yangu wa shambani, kule karibu na Gachoka. Kifua kilimbana Jumanne, na kufikia Alhamisi alikuwa ametuacha. Alikuwa na jambo moja alilotamani kulifanya, na hakulifanya. Watu wanasema ni bahati mbaya. Mimi najua ni kosa langu.

Mama huyu alitaka kusoma. Hakuwahi kuingia darasani, wala ndoto yake haikuwa kubwa: asimame kanisani Jumapili moja, afungue Biblia mwenyewe, awasomee wenzake mistari michache. Darasa la ngumbaru, lile la watu wazima, lilikuwa mbali na magoti yake yalikataa. Nikamwambia kwa mdomo wangu huu, nikimwita bibi kama wanavyosema huko, "Usijali, shosho. Mimi nitakufundisha." Alifurahi mpaka akanipa kuku. Kuku nilimla, kisha nikaanza visingizio. Ngoja tuvune ndengu. Ngoja watoto warudi shule. Ngoja kazi ya ofisi pale Embu mjini ipungue. Hakunung'unika hata siku moja. Kila nilipopita kwake alinipangusia kiti kwa leso, nami nikasema nina haraka.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba hakuwa mtu wa kungojangoja. Mimi nimezaliwa Meru, upande wa mlimani, ambako mvua ina huruma. Msimu wangu wa kwanza Gachoka nilikaa na mbegu nikisubiri udongo ulowe, huku yeye akipanda ndengu kwenye vumbi kavu. Nilimcheka. Akaniambia, "Kijana, mvua ya huku ni kidogo sana. Ukingoja inyeshe ndio upande, hiyo imeenda." Na kweli, zake zilijaa magunia, zangu zikanyauka zikiwa na maua. Mtu wa namna hiyo angeanza kusoma kitambo. Alikawia kwa heshima tu: nilikuwa nimeahidi, na kumtafuta mwalimu mwingine aliona ni kuniaibisha. Tukizungumzia uzembe wa kuahirisha mambo, huwa tunajilaumu kwa ndoto zetu wenyewe. Tunasahau kwamba kuna watu wamesimama kwa sababu sisi tumesimama.

Mazishini walinipa mimi nisome Biblia, eti kwa kuwa nasoma vizuri. Nilisoma vibaya. Baada ya chakula, dada yake mdogo, mama mwenye mvi tayari, akanifuata. "Hata mimi sijui kusoma," akasema. "Aliniambia ukimaliza na yeye, utanifundisha mimi. Sasa itakuwa aje?"

Naona haya kuandika kwamba neno lililonijia kwanza ni lile lile: ngoja. Ngoja msiba upoe kwanza. Nililimeza. Nikamwomba tukae pale pale, vijana wakikunja mahema, nikaazima kalamu, na nyuma ya kijitabu cha mazishi nikamwandikia herufi ya kwanza ya jina lake. Akaifuata kwa kidole, akaniiga mara kadhaa, mpaka yake ikasomeka. Kisha akaniuliza:

"Ni hii tu dada yangu alikuwa anangojea?"

Msomaji, kama kuna mtu uliyemwambia angoje, mwendee leo, kabla hujaulizwa swali hilo.