Mkasi wa Plastiki

Serikali imetamka, na tamko likapigwa mihuri miwili, kwamba mtoto wa miaka mitano aliye tayari kwa darasa la kwanza huruka kwa mguu mmoja mara tano, hudaka mpira kwa mikono miwili, na hukata karatasi kwa mkasi akifuata mstari. Akishindwa moja tu kati ya hayo, hayuko tayari. Atarudia chekechea.

Mwalimu wa chekechea, ambaye shule nzima humwita Bi Filimbi, alilisoma tamko ubaoni akaguna. Shule ilikuwa na mkasi mmoja. Ulikaa kabatini kwa mwalimu mkuu, chini ya kufuli, ili watoto wasijikate.

Mpimaji wa serikali alifika Jumanne asubuhi, kijana nadhifu mwenye sanduku. Ndani mlikuwa na mpira na mkasi mwekundu wa plastiki, butu kila upande. Kwa haki ya Mungu, mkasi ule usingekata hata kiu.

Watoto waliruka, wakaanguka, wakacheka. Walipofika kwenye mkasi waliitafuna karatasi nao, kisha wakaivuta kwa mkono wa pili hadi ikachanika, jirani kidogo na mstari. Mpimaji akawa anaandika: anaweza, anaweza, anaweza.

Ikaja zamu ya msichana aliyepachikwa jina la Fundi Mdogo. Bibi yake, fundi cherehani wa mkabala na lango la shule, ndiye aliyemlea chini ya meza ya kukatia. Tangu mwaka jana alikuwa akimkatia bibi mifuko ya mashati, ulimi nje, bila kuvuka mstari wa chaki.

Aliruka mara nane. Akadaka mpira. Akauchukua mkasi, akaufungua na kuufunga, akapitisha kidole gumba kwenye makali, akauweka mezani.

"Huu umekufa," akasema.

"Kata tu, mama."

"Haukati. Bibi angeutupa."

"Kata hivyohivyo."

"Tutaiharibu karatasi."

Mpimaji akaandika: hawezi.

Bi Filimbi akasogea mezani. Watu wamewahi kumtukana, wamewahi kumcheleweshea mshahara, na yote aliyameza. Hili lilimkwama.

"Mwanangu, huyu ndiye pekee humu anayejua mkasi ni nini."

"Fomu haiulizi anajua nini, mwalimu. Inauliza amekata au hajakata."

"Nikuletee mkasi wa mwalimu mkuu."

"Kifaa cha nje hakiruhusiwi. Na wahenga walisema, mchagua jembe si mkulima."

"Wahenga hao walipewa jembe! Wewe umemletea mwiko!"

Bi Filimbi akaunyakua mkasi na karatasi, akamsukumia mpimaji. "Haya. Kata wewe."

Kijana akatabasamu, akakata. Karatasi ikajikunja katikati ya meno ya plastiki ikatulia humo, salama salimini. Akajaribu tena. Mtoto mmoja akacheka.

"Andika basi," Bi Filimbi akasema. "Hawezi."

"Mimi sipimwi," akajibu mpimaji, akakunja fomu.

Bi Filimbi akakataa kutia saini. Mwalimu mkuu akaitwa, akasikiliza kwa makini sana, akasaini kwa niaba yake. "Tusigombane na wakubwa kwa ajili ya mkasi, dada," akamnong'oneza. Barua ambayo Bi Filimbi aliiandikia wilaya usiku huo ilijibiwa baada ya wiki sita, mstari mmoja: malalamiko yamepokelewa.

Lililomuuma zaidi lilikuwa kuvuka barabara kwenda kumwambia bibi.

"Kashindwa nini?" bibi akauliza, mguu ungali juu ya cherehani.

"Kukata."

Bibi akacheka hadi akafuta machozi. "Ee, mwalimu, na wewe una utani!" Kisha akamtazama usoni, mguu ukasimama. "Yaani unasema kweli? Na wewe ulikuwa wapi?"

"Palepale, mama."

"Palepale," bibi akarudia, kwa sauti ya mtu anayepima kitambaa kibovu.

Msichana alirudia mwaka. Sanduku likaendelea na safari hadi shule ya jirani, ambako, kwa mujibu wa ripoti, watoto wote mia moja na nne walijua kukata.