Maji ya Moto Yenye Uchungu

Jirani yangu aligonga mlango kwa ngumi. Nilipofungua aliniangalia mimi, kisha akatupa macho nyuma yangu, kwenye kona ninayopikia.

"Dada, maharage yanaungua! Husikii?"

Nilikuwa nimekaa kwenye stuli, hatua tatu kutoka kwenye jiko, nikishona kifungo cha blauzi. Nilipogeuka ndipo nikaona moshi. Nilizima gesi, nikafungua dirisha, nikamshukuru, nikasingizia mafua. Alipoondoka niliinamia ile sufuria nikavuta pumzi kwa nguvu. Macho yaliwasha. Pua haikuniambia kitu.

Hiyo ilikuwa siku ya tisa tangu nianguke. Kwenye ua tunaoutumia wapangaji sita pale Kaloleni, mtu alikuwa amemwaga maji ya sabuni. Niliteleza nikiwa na ndoo mkononi, kisogo kikagonga ukingo wa saruji. Nililazwa siku mbili, maumivu yakapungua, nikaambiwa nikapumzike nyumbani. Chakula nilikiona kimepooza, lakini nilidhani ni dawa. Mtu anayeishi peke yake anaweza kula wiki nzima bila ladha na asishtuke, maana hakuna wa kumuuliza kama chumvi imekolea.

Baada ya maharage kuungua, nilianza kuogopa kurudi kazini. Kazi yangu ilikuwa kuonja kahawa.

Kwa miaka kumi na saba nilikuwa nimesimama mbele ya meza ndefu katika ghala moja la kahawa hapa mjini. Kahawa iliyosagwa inamiminiwa maji ya moto kwenye vikombe, inaachwa dakika chache, halafu unavunja utando wa juu kwa kijiko huku pua ikikaribia kugusa kikombe. Kisha unachota na kuivuta kwa kelele, kama mtu anayekunywa uji wa moto, unaizungusha mdomoni, unatema. Ningeweza kukuambia kama kahawa ilichelewa kutolewa majini, kama gunia lililala karibu na mafuta ya taa, kama shamba liko juu karibu na msitu wa Meru au chini kwenye joto. Shule sikwenda mbali. Elimu yangu ilikuwa hiyo.

Asubuhi niliyorudi, nilivunja utando wa kikombe cha kwanza. Kimya. Nikavuta kijiko. Maji ya moto yenye uchungu. Kikombe cha pili, maji ya moto yenye uchungu. Vikombe kumi na viwili, vyote vilevile.

Mkuu wetu, mzee aliyenifundisha kazi, alikuwa upande wa pili wa meza. Nilimtazama usoni. Kahawa ikimpendeza, hunyanyua nyusi kidogo. Ikiwa na kasoro, hukunja mdomo kabla hata ya kutema. Nikaandika kwa kufuata nyusi zake. Niliishi hivyo wiki tatu, nikisoma uso wa mtu mwingine, na sijawahi kujisikia mpweke kama nilivyojisikia katika chumba kile chenye watu watano.

Siku moja aliitwa kwenye kikao. Niliachiwa meza. Niliandika kwa kubahatisha, nikapitisha kahawa zote. Aliporudi alisimama mlangoni.

"Nani kapitisha hii?"

"Ipi, mzee?"

"Binti, inanuka mpaka hapa nilipo. Imeoza."

Wenzangu waliinamisha macho. Wao walikuwa wameisikia, wakadhani mimi ninayejua zaidi nina sababu zangu. Mzee aliwaomba watoke, akafunga mlango.

"Unaumwa?"

Nikamweleza yote. Nililia kama mtoto. Hakunikemea. Aliuliza tu kwa nini sikusema.

"Ningesema nini, mzee? Mimi hapa ni pua tu. Bila pua, mimi ni nani?"

Kesho yake alinisindikiza mwenyewe kwa daktari.

Daktari alikuwa dada mdogo kwangu kwa umri, mwenye sauti ya upole. Alinifunga macho kwa kitambaa, akaanza kunidondoshea vitu ulimini. Sukari, nikataja. Chumvi, nikataja. Limau. Kitu kichungu kama mwarobaini. Mwisho mchuzi wa nyama uliochujwa, na ule ukolezo wake mzito niliupata pia. Kisha akaniambia nivute pumzi.

"Unasikia nini?"

"Sisikii kitu."

Alinifungua macho. Mkononi alikuwa na kahawa iliyosagwa muda huohuo, puani kwangu kabisa.

"Ulimi wako ni mzima, mama," alisema, akachukua karatasi na kuchora kichwa cha mtu.

Alinieleza kwamba ulimi una vinundu, na ndani yake kuna chembe ndogo zinazopokea utamu, chumvi, uchachu, uchungu na huo ukolezo wa mchuzi. Habari hizo zinapanda kwa mishipa ya fahamu mpaka chini ya ubongo, hapo kwenye shina lake, ndipo zinapelekwa juu zaidi, mahali zinapotambuliwa. Lakini ulimi hauna msamiati mkubwa. Hauwezi kutofautisha chungwa na chenza, wala kahawa na dawa ya malaria. Yaliyobaki yote hufanywa na pua, na si kwa kunusa kutoka nje tu. Ukitafuna, mvuke wa chakula hupanda kwa nyuma ya koo, ukaingia puani kwa mlango wa uani. Ubongo unachukua habari za ulimi, za pua, na hata ukali wa pilipili, ambao kumbe ni maumivu tu, unaziunganisha, unakwambia: hiki ni kitunguu, hii ni iliki.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini tunaivuta kahawa kwa kelele. Miaka kumi na saba nilikuwa nikiirushia pua kwa mlango wa uani bila kujua.

"Na mimi kimeharibika nini?"

"Juu ya pua kuna mfupa wenye matundu madogo sana. Mishipa ya harufu inapita humo, myembamba mno. Kichwa kilipogonga, ubongo ulitikisika, mishipa ikakatika."

"Itaota tena?"

"Huwa inaota kwa wengine. Wengine haioti. Sitaki kukudanganya."

Aliniambia kila asubuhi na jioni ninuse karafuu, limau na majani ya mkaratusi, taratibu, hata kama sisikii kitu, huku nikikumbuka vilivyonukia. Nilifanya hivyo chumbani kwangu kama mtu anayesali kwa Mungu asiyemjibu.

Ghalani nilihamishiwa kwenye kuchambua kahawa kwa macho na mikono. Katika miezi hiyo akina mama wa usharika walinichukua matembezi ya Momela. Tulishuka kutazama ndege heroe ziwani, na ghafla wote wakaziba pua kwa kanga. "Jamani, harufu hii ya magadi na tope!" Walicheka mpaka wakashikana mabega. Nami nikaziba pua yangu, nikacheka. Hakuna aliyejua. Nilirudi mjini nimechoka kama niliyetoka kulima.

Mama yangu nilikuwa nimemficha. Anaishi mwenyewe kwenye shamba letu mteremkoni mwa Meru, kati ya migomba na mibuni ya zamani. Kila nilipokwenda nilisema chakula ni kitamu. Kiswahili kinarahisisha uongo huo. Neno ni moja, la sukari na la chakula chochote kizuri. Jumamosi moja alinipa loshoro, mahindi laini kwenye maziwa ya mgando ambayo siku zote aliyahifadhi kwenye kibuyu kilichofukizwa kwa kijinga cha moto. Nikala, nikasema, "Tamu, mama."

Aliweka kijiko chini.

"Mwanangu, kibuyu kile kilipasuka mwezi uliopita. Maziwa haya ni ya ndoo ya plastiki. Wewe tangu mtoto ulikuwa huyali bila moshi. Una nini?"

Nikamwambia. Kuanguka, ghala, daktari, karafuu, Momela. Alinisikiliza bila kunikatiza. Mvua ilikuwa inanyesha kwenye bati na ilibidi nipaze sauti, jambo lililokuwa gumu, kupaza sauti ukisema mambo kama hayo.

"Sasa hapo unasikia nini?" aliuliza, akionyesha bakuli.

"Uchachu. Chumvi kidogo. Mahindi yanateleza. Ya baridi."

"Basi tu?"

"Basi, mama."

Alikoroga bakuli lake, akasema, "Tangu baba yako aondoke, mimi nala tu. Pua ninayo, ulimi ninao. Lakini nikiwa peke yangu hapa, kande na ugali kwangu ni kitu kimoja. Sikukuambia. Ungesema ni uzee."

Baba alikuwa amefariki miaka sita iliyopita. Miaka yote hiyo nilikuwa nakwenda kwa mama mara moja kwa mwezi, nakula, nasema ni tamu, narudi Kaloleni kula peke yangu. Daktari alikuwa ameniambia kwamba harufu hufika ubongoni jirani kabisa na mahali pa kumbukumbu na hisia. Hakuniambia kama njia hiyo inaweza kuzibika kutokea ndani.

Sasa nakwenda kila Jumamosi, nalala, narudi Jumapili baada ya ibada. Tunapika wote. Yeye hunitajia kila kitu kinanukaje, mimi namwambia kinavyotafunika, na tunabishana kuhusu limau, maana napenda nyingi.

Mwezi wa kumi na moja tangu nianguke, mkaratusi ulirudi, hafifu, kama mtu anayeongea chumba cha tatu. Karafuu ilifuata, ila nusu tu. Kahawa imerudi vibaya: inanuka mpira unaoungua, na daktari anasema huenda ikabaki hivyo, huenda isibaki. Mezani kwa mzee amesimama mtu mwingine, ana pua nzuri, nimemsikia akivuta kijiko. Mimi nachambua. Jana nilitoa punje iliyotobolewa na mdudu kati ya mamia, nikaiweka pembeni, nikaendelea.